Landrova haikwami tena, lakini Cucu hapandi

Wiki nzima nimekuwa nikiinua Landrova yetu kwa springi za lori kuukuu, ili Cucu, nyanya yangu, asikose kanisa matope yakizidi.

Leo asubuhi Cucu amekuja na sketi yake ya Jumapili. Mguu haufiki!

"Kwani umetengenezea twiga?"

Ikabidi twende kwa jirani, kwenye kipandio chake cha kupakia ng'ombe. Nikasogeza gari ubavuni, Cucu akapanda taratibu, kofia kichwani.

Jirani akauliza, "Ng'ombe huyu anatoa lita ngapi?"

"Kushinda wako wote. Wewe, endesha!"

Matope tumeyapita kama lami.

Sasa tuko nje ya kanisa. Hakuna kipandio cha kumshushia. Ibada imeanza na Cucu anaimbia dirishani mwa gari.

Nyinyi mlio ndani na mmeshika simu, leteni meza. Hata ile ya sadaka.