Bolla na Gazeti la Jumamosi

Oddvar Tveiterås alisimama kwenye mtambo wa kuchapa magazeti kwa miaka thelathini na minane, na sidhani kama hapa Bergen kuna mtu aliyeliheshimu gazeti kuliko yeye. Alilikunjua taratibu juu ya meza ya jikoni, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, na akimaliza alilikunja tena utadhani halijaguswa. Nalisema hili mapema ili ieleweke jinsi mbwa wa kilo tatu alivyoweza kumtoa mzee yule machozi ya hasira.

Mimi nakaa ghorofa ya pili, wao ya nne, katika jengo la zamani lisilo na lifti. Mkewe, Magnhild, alikuwa na goti bovu. Kila aliposhuka ngazi ungemsikia akihesabu kwa sauti na kuzilaani. Mwezi wa kumi na moja mpwa wake Sjur, mwenye shamba la kondoo huko Voss, akawaletea mtoto wa mbwa wa wiki nane, jike, mwenye rangi ya andazi lililoiva vizuri. Wakamwita Bolla, yaani Andazi.

Ugomvi ulianza kabla gari la Sjur halijafika mwisho wa mtaa. Magnhild alitoa rundo la magazeti ya zamani akaanza kuyatandaza bafuni.

"Unafanya nini?" Oddvar akauliza.

"Namtengenezea choo."

"Choo cha mbwa ni nje, Magnhild. Ukimzoesha ndani, atakojoa ndani mpaka afe."

"Nje wapi? Ngazi sabini na mbili, na goti hili! Kitoto cha wiki nane kinakojoa kila baada ya saa mbili, baba. Utakishusha wewe?"

"Nitamshusha mimi. Na hayo magazeti yaondoe. Kuna watu wamekesha wakiyachapa hayo, si ya kukojolewa."

"Ni ya mwaka juzi!"

"Hata kama."

Basi kila mmoja akashika sheria yake. Oddvar akiwepo, mbwa alipelekwa nje. Oddvar akitoka kwenda mazoezi ya kwaya au dukani, magazeti yalitandazwa bafuni, na aliporudi yalikuwa yameshafichwa kwenye mfuko wa taka. Bolla peke yake ndiye hakuwa na shaka. Alichagua bafuni.

Novemba ile ilikuwa ya kwetu kabisa: mvua asubuhi, mvua mchana, na ikikatika ni kwa ajili ya kubadilisha upande wa upepo. Nilikuwa nakunywa kahawa dirishani na kumtazama Oddvar uani, koti la mvua hadi magotini, mabuti ya mpira, kamba mkononi, na Bolla amekalia buti lake la kulia akitetemeka.

"Haya, kojoa," alikuwa akimbembeleza. "Kojoa basi, mama. Kidogo tu, twende zetu."

Dakika kumi. Ishirini. Siku moja nilipima dakika arobaini na tano kwa saa ya ukutani. Nikafungua dirisha.

"Oddvar! Wewe ndiye unamchunga au yeye ndiye anakuchunga?"

"Funga dirisha, Eldrid, utaingiza mvua."

Kisha ningemsikia akipanda, pumzi juu juu, mbwa kwapani. Mlango wa ghorofa ya nne unafunguliwa, kucha ndogo zinakimbia sakafuni, halafu kimya kifupi, halafu Oddvar: "Lakini tumetoka nje sasa hivi! Sasa hivi!" Mara nne kwa siku, wiki tatu mfululizo. Nilianza kuyajua maneno yake kwa moyo, kama wimbo wa taifa.

Mwishowe aliamua kwamba mkosaji ni Magnhild. Akakusanya magazeti yote nyumbani, akayafunga kwa kamba, akayapeleka kwenye pipa la karatasi mwenyewe. Hapo zamu yangu ikafika. Wiki ile ile Bolla alikojoa mlangoni pangu mara tatu, na mara zote juu ya gazeti langu ambalo mletaji huliacha pale alfajiri. Mara ya kwanza Oddvar aliomba radhi na kupiga deki. Mara ya pili aliniletea gazeti lake badala ya langu, na hiyo kwake haikuwa zawadi ndogo. Mara ya tatu nilikutana naye kwenye ngazi, nikamwambia wazi.

"Oddvar, mimi nampenda mbwa wako, lakini nimechoka kusoma habari zilizolowa."

"Unadhani mimi sijachoka?" akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimefundisha vijana kumi na wawili kazi ya mtambo, Eldrid, wengine hata kusoma vizuri walikuwa hawajui. Wote walielewa. Huyu ananitazama usoni na kutikisa mkia."

Ikaja Jumamosi moja kabla ya Krismasi. Asubuhi Magnhild alikuwa ameniita kwa kahawa na wafuli, vile vikeki bapa vya moto, kwa hiyo yote haya niliyaona kwa macho yangu. Gazeti la siku hiyo lilikuwa na tangazo la kifo cha Halfdan, aliyefanya kazi na Oddvar mtambo mmoja kwa miaka ishirini. Oddvar aliliona jina, akalifunga gazeti.

"Nitalisoma nikirudi," alisema. "Nataka nikae nilisome vizuri."

Akaliweka kwenye kiti, akamchukua Bolla, wakashuka. Walikaa nje zaidi ya saa nzima. Tuliwasahau, tukala wafuli na jamu, na wakati fulani Magnhild alivuta kile kiti ili anyooshe goti lake. Gazeti likateleza sakafuni. Hakuna aliyelitazama.

Mlango ulipofunguliwa, Bolla alipita kati ya miguu ya Oddvar, akapita sebuleni, akaingia jikoni, akazunguka mara moja, mara mbili, akachuchumaa juu ya ukurasa wa vifo.

Oddvar alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika kwenye pua. Alivua kofia, akaketi kwenye kiti bila kuvua koti, akasema polepole, "Mpigie Sjur. Aje amchukue leo."

"Oddvar..." Magnhild akaanza.

"Leo, Magnhild. Nimeshindwa. Andika popote unapotaka kwamba nimeshindwa na kitu chenye miguu mifupi kama soseji."

Magnhild hakunyanyuka, kwa hiyo Oddvar akapiga simu mwenyewe. Akaiweka mezani sauti ikiwa wazi, kwani mikono yake ilikuwa imelowa. Sjur alisikiliza malalamiko yote, mvua, ngazi, mlango wangu, Halfdan, kisha akauliza kwa upole:

"Anko, kwani mnamtandikia magazeti?"

"Hatumtandikii! Nimeyatupa yote! Lakini kila akiliona gazeti..."

"Ndiyo, sasa si ndivyo alivyolelewa," Sjur akasema. "Wote sita tuliwalea chumba cha kufulia, magazeti sakafuni ukuta hadi ukuta. Nilidhani nimewaambia. Huyo akikanyaga gazeti anajua amefika chooni."

Nilifikiria mlango wangu na magazeti yangu matatu, nikajiona mjinga. Magnhild akamgeukia mumewe.

"Umesikia? Wiki tatu unaniita mharibifu! Wiki tatu nazika magazeti kwenye taka kama mwizi! Haya, si unataka akojoe nje? Mpelekee gazeti lake huko nje basi! Mtandikie na kitambaa, mwekee na mshumaa!"

Alisema kwa kejeli, nina hakika. Lakini Oddvar alimtazama, akalitazama gazeti. Akainama, akalinyanyua kwa pembe mbili. Ukurasa wenye Halfdan akauchana kwa uangalifu, akautandaza juu ya hita ukauke. Ule wa chini yake, uliolowa vilevile, akaukunja, akautia kwenye mfuko wa plastiki.

"Halfdan angecheka," Magnhild akasema, sauti imeshuka.

"Angetukana kwanza," Oddvar akajibu, akatoka na mbwa.

Tukakimbilia dirishani, Magnhild akisahau goti lake. Chini uani tulimwona akitandaza ukurasa kwenye nyasi, upepo ukaupeperusha, akaukimbiza, akautandaza tena na kuukandamiza kwa mawe manne. Akamweka Bolla katikati. Bolla akanusa. Akazunguka. Akachuchumaa.

"Magnhild!" Oddvar alipaza sauti hadi madirisha ya jengo la pili yakafunguka. "Magnhild! Amekojoa!"

Kuanzia siku hiyo kila asubuhi alishuka na ukurasa mmoja, kisha nusu, kisha robo. Watu wa mtaani walimkejeli, wakamuuliza kama mbwa anapenda habari za siasa au za michezo. Ilipofika Februari alikuwa anaweka kipande cha ukubwa wa kadi ya posta, na siku moja alikisahau mfukoni na Bolla hakukidai. Magnhild naye hakuacha msimamo wake: siku za barafu, ngazi zikiwa kama kioo, alitandaza ukurasa bafuni, na Oddvar alijifanya hauoni.

Ningependa kusema kwamba mzee sasa ana raha. Lakini Bolla amekua, na amekuwa mbwa wa kuchagua. Nyasi hizi zimelowa sana, zile zina harufu ya paka, kule kuna upepo. Leo asubuhi nimewaona tena kwenye mvua, yeye ameinama na mikono kiunoni.

"Hapo pana ubaya gani?" alikuwa akimuuliza. "Niambie tu. Hapo pana ubaya gani?"