Nilivyowapatanisha Mama Koku na Elias

Ukiwa kiongozi kazini, ndugu yangu, uliza kwanza. Mimi sikuuliza.

Hapa Kamuli nasimamia vichanja vya kuanikia kahawa. Wafanyakazi wangu wawili, Mama Koku na kijana Elias, walikuwa wakitaniana kutwa. "Elias, unaanika au unalisha kuku?" Mama Koku angemwuliza kahawa ikimwagika chini. Tulicheka mpaka jua likazama. Ghafla wakanyamaziana. Mmoja akija, mwenzake anakimbilia migombani. Niliutamani mno utani ule, nikaamua kuwapatanisha.

Nikawakusanya wafanyakazi wote, nikawasimamisha wawili hao katikati. "Shikaneni mikono, mtazamane machoni," nilisema kwa upole.

Mama Koku alijifunika uso kwa kanga. Elias akainama, jasho likimtoka.

"Mmekosana nini?"

"Hatujakosana, kiongozi," alinong'ona Elias. "Nimemchumbia Koku, binti yake."

Watu waliangua kicheko. Kwetu mtu hamtazami mama mkwe wake usoni, sembuse kumtania, na mimi nilikuwa nawalazimisha mbele ya watu!

Ndipo sauti ikatoka ndani ya kanga, taratibu: "Kiongozi, mwambie mkwe wangu kwamba hata mimi nautamani ule utani."