Mistari ya Chaki Kwenye Chupa

Mtaani walimwita Nusu Inchi, na jina hilo hakupewa kwa kejeli. Katika miaka ishirini na minne ya kukata nguo, hakuna koti lililotoka mezani kwake likiwa limekosea zaidi ya hapo, na mteja aliyelalamika kwamba suruali imembana aliambiwa bila kupepesa macho kuwa kilichobadilika ni tumbo. Mkewe alikaa pembeni akishona vifungo na mapindo. Cherehani wangeweza kumwachia mtu yeyote, lakini mkasi ulikuwa wa mkono wake wa kulia tu.

Mkono huo sasa ulikuwa unatetemeka. Tusidanganyane, ulianza zamani, ila alikuwa na dawa yake: anazimua kwa pombe kidogo asubuhi kabla ya kufungua mlango, mkono unatulia, kazi inaenda. Ikafika mahali anazimua mara tatu kabla ya mchana, na chupa nzima ya pombe kali haifiki jioni. Halafu siku moja, akiwa anakata kitambaa cha suti ya mwalimu mkuu, mkasi ukaruka ukapasua mgongo wa koti kutoka begani hadi katikati. Akakaa chini akakitazama kitambaa kile kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Aliogopa. Bila mkono ule, yeye ni nani?

Woga huo ndio uliompeleka kwa nesi wa zahanati, mama mnene asiye na haraka, ambaye hakumhubiria hata kidogo.

"Baba, unakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Kidogo tu."

"Kidogo cha kwako au kidogo cha kwangu?"

Akacheka, kisha akasema ukweli. Nesi akaweka kalamu chini.

"Basi nisikilize vizuri. Usije ukaacha ghafla. Mwili umeshazoea. Ukiunyima kwa mkupuo mmoja unaweza kukuangusha kama mwenye kifafa, na watu wanakufa hivyo. Kulazwa hutaki?"

"Kazi nitamwachia nani?"

"Haya. Utapunguza kidogo kidogo, na kila Jumatatu nikuone. Kula kwanza kabla hujagusa chupa. Maji kunywa mengi. Ile njia ya kupita baa iache, zunguka. Ukitokwa na jasho jingi, ukitapika, au ukiona vitu ambavyo havipo, usingoje Jumatatu, njoo mbio. Na mwambie mtu mmoja nyumbani, ajue unachofanya."

Yote aliyafuata isipokuwa hilo la mwisho. Mtu mmoja nyumbani ni mkewe, na mkewe alikwisha kuapiwa hadi masikio yakachoka. Mara ya mwisho alimkatiza katikati ya kiapo: "Usiniapie tena, baba watoto. Siku ukiacha nitaona kwa macho yangu." Kwa hiyo safari hii fundi akaamua kufunga mdomo mpaka siku ya kuonekana ifike.

Kazi yenyewe akaifanya kifundi. Alichukua chupa tupu, akaipima kwa futi, akaichora mistari ya chaki ya nta kila baada ya nusu inchi. Asubuhi anamimina humo kinywaji cha siku nzima, na kila siku anashuka mstari mmoja. Chupa hiyo na ile ya pombe akazificha chini ya kapu la vipande vya nguo.

Siku ya kumi na moja alikata kola ya koti bila kupumzika, akaiweka juu ya mchoro, ikalala sawasawa. Alifurahi hadi akajikuta anapiga mluzi. Mkewe akainua macho, akamtazama, akarudi kwenye sindano yake. Angemwambia palepale. Akaona angoje mkono utulie kabisa, akavuta kitambaa kingine.

Kesho yake alitoka kupeleka suruali kwa mteja, na mkewe akaamua kufagia chini ya meza. Alipolivuta kapu akaziona chupa, na ile mistari akaielewa kwa namna yake. Mwaka uliopita aliwahi kumtilia maji kwenye pombe. Aligundulika, na maneno aliyoambiwa siku ile hajayasahau. Fundi aliporudi alimkuta amesimama kwenye karo na chupa ya mistari mkononi, tupu.

"Sasa unanipigia alama ili unikamate? Mimi ndiye mwizi humu ndani?"

"Zote umemwaga?"

"Zote. Nipige ukitaka."

Hakuwahi kumpiga hata siku moja, na neno hilo lilimchoma. Hapo ndipo angeeleza. Lakini aeleze nini, kwamba pombe ile ndiyo iliyokuwa inamtoa kwenye pombe? Mlevi gani hajawahi kusema hivyo? Na akitoka kwenda kununua nyingine mbele ya macho yale, basi ni yuleyule wa siku zote.

"Sawa," akasema, akaivaa futi yake shingoni.

Akajikaza kisabuni. Siku ya kwanza jasho lilimtiririka hadi kitambaa kikaloa. Mkewe alimpangusa uso, akampa chai ya moto, akasema mwili unajisafisha. Siku ya pili aliona sisimizi wakitembea juu ya kitambaa cheupe, akawapangusa, wakarudi. Maneno ya nesi aliyakumbuka vizuri sana. Lakini mkewe alikuwa anaimba, na ilikuwa miaka hajamsikia akiimba. Jumatatu ni keshokutwa tu, akajiambia.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alikuwa anaipiga pasi ile kola. Mkewe yuko uani anaanika nguo. Alisikia kishindo, akadhani ni kiti. Alianika shuka mbili zaidi, kisha harufu ikamleta ndani. Fundi alikuwa sakafuni, mwili umekakamaa, povu la damu mdomoni, na pasi imeulalia mkono wake wa kulia, bado iko kwenye umeme.

Nesi alikuja wodini siku ya nne.

"Hakukuambia kwamba anapunguza?" akamwuliza mke taratibu.

"Ile chupa yenye chaki?"

"Ndiyo, mama."

Mke akakaa palepale kwenye sakafu ya wodi. "Nilidhani namsaidia," akasema. Fundi alisikia. Ulimi wake ulikuwa umevimba kwa kujing'ata, hakuweza kumjibu, na hata ungekuwa mzima, sijui angemwambia nini. Mimi mkewe simlaumu.

Huu ni mwezi wa saba fundi hajagusa pombe. Mkasi sasa anashika mkewe, yeye anasimama nyuma yake na kumwelekeza.

"Hapa?"

"Panda kidogo. Nusu inchi."

Juzi mwalimu mkuu alikuja kupimwa suti. Akauona mkono ule umelala juu ya meza, akasema kwa nia njema kabisa, "Fundi, angalau sasa hautetemeki."

"Hautetemeki, mwalimu," akajibu.

Ngozi ya mkono ule ilikuwa inang'aa kwa kovu la pasi, na vidole vimejikunja kuelekea kiganjani, havifunguki. Mkewe akauacha mkasi katikati ya kitambaa, akageukia dirishani. Alisimama hivyo mpaka mwalimu alipoondoka, ndipo akaendelea kukata.