Pazia la Ndege ya Mtabila

Mjini Kasulu walikuwepo vijana wenye kamera za kisasa, wanaokupiga picha na kukukabidhi ukiwa bado umesimama. Lakini watu wazima walikwenda kwa Gharibu, kwa sababu Gharibu alikuwa na koti. Lilikuwa koti jeusi, limening'inia msumarini nyuma ya mlango wa studio, na kila mwanamume aliyetaka picha ya heshima alivaa hilohilo. Aliyekuwa mwembamba alibanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo, na mwenye tumbo aliambiwa avute pumzi. Ukipita nyumba za Kasulu ukatazama picha za ukutani, utadhani wilaya nzima ina koti moja, na hutakuwa umekosea sana.

Kazi alifundishwa Kibondo na ami yake Abdalah, mtu ambaye wazee wake walitoka Pangani na biashara zao wakalowea bara. Ami alimfundisha mwanga, kemikali na subira. Alimfundisha pia jambo moja lisilohusu mwanga hata kidogo: mkanda wa filamu unabaki studio, lakini picha haisafishwi mpaka mwenye sura aje mwenyewe au atume mtu anayejulikana. Mikanda ilitunzwa ndani ya makopo ya maziwa ya unga, juu ya kabati, kama amana. Wanaume waliokuja wakinong'ona kutaka nakala ya binti wa watu walirudi mikono mitupu. Hata shemeji yake Khamisi alibembeleza, akanuna, akaacha kusalimia. Hakupewa. Khamisi alikuja kuoa kwingine, na mpaka leo ukimchokoza kidogo tu atakuambia alidhulumiwa.

Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipokuwa hai, Gharibu alikwenda huko kila siku ya soko. Ndani ya kambi alikuwepo Mrundi mmoja, Niyitegeka, fundi wa kuchora, ambaye hakuwahi kupanda ndege maishani mwake lakini alimchorea Gharibu ndege kubwa nyeupe kwenye pazia la turubai, madirisha yake mengi kuliko ya ndege yoyote ya kweli, na ngazi ikishuka mpaka chini. Ukisimama mahali pake, ilionekana umeshuka sasa hivi kutoka safari ya mbali. Wakimbizi walilipenda. Waha, wenyeji wa mjini na vijijini, walilipenda zaidi. Walikuwa wakienda Mtabila kuuza ndizi na kununua sabuni, na wakishamaliza soko wanavaa koti, wanasimama mbele ya ndege. Maharusi wa Kasulu walifunga safari kwenda kambini kwa ajili ya ndege hiyo tu. Mjini penye hoteli na benki hapakuwa na ndege, kambini ilikuwepo, na watu walifuata ndege ilipo.

Mmoja wao alikuwa Nestori, aliyeendesha mashine ya kusaga mtaa wa Murubona, Muha ambaye babu zake wamezikwa palepale Kasulu. Alipiga picha na mkewe Ernesta walipofunga ndoa. Ernesta alicheka mno, ikabidi apigwe Nestori peke yake kwanza. Ile ya Nestori peke yake ilitoka nzuri kuliko zote. Gharibu akamwomba ruhusa, Nestori akakubali kwa majivuno, na picha ikawekwa kwenye ubao wa sampuli unaotundikwa nje ya studio.

Mwishoni mwa mwaka 2012 kambi ilifungwa na Warundi wakarudishwa kwao. Gharibu alikunja pazia, akapanga makopo yake, akarudi kukaa mjini na koti lake.

Mwaka uliofuata ikaja operesheni ya kuwaondoa watu walioingia nchini bila kibali. Ilikuja na malori. Kwenye timu ya Kasulu alikuwemo afisa mmoja, Godson, kijana mtanashati aliyehamishiwa huko kutoka Moshi, mwenye adabu zake na viatu visivyoshika vumbi, sijui alikuwa akivipitisha wapi. Mtu fulani alikuwa amemdokeza kuhusu ndege, kwamba ni ya wakimbizi. Akasimama mbele ya ubao wa sampuli, akatazama sura moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, mzee wangu. Ndege hii ilikuwa Mtabila, siyo?"

"Marahaba. Ndiyo, ilikuwa Mtabila."

"Basi naomba kuazima ubao huu. Nitaurudisha mwenyewe."

"Lakini bwana afisa, watu wa mjini nao walikuwa..."

"Nashukuru sana, mzee," Godson akasema, na ubao ulikwisha kuwa kwapani mwake.

Gharibu alibaki mlangoni na maneno yake nusu. Angeweza kumfuata, gari lilikuwa hatua chache tu. Hakumfuata. Alijiambia kuwa ubao ule ulikaa barabarani miaka nenda miaka rudi, kila mpita njia aliuona, basi kuna siri gani? Sheria ya Ami Abdalah ilihusu makopo, haikuhusu ubao. Alijiambia hivyo mpaka akajiridhisha, na kusema kweli alijiridhisha haraka mno.

Wale wa operesheni walizunguka na ubao sokoni, stendi na kwenye mashine za kusaga, wakilinganisha sura. Nestori walimkuta kazini, uso mzima umejaa unga. Mmoja akamvua kofia, akampangusa uso kwa kofia hiyohiyo, akaunyanyua ubao kando ya shavu lake. Ni yeye. Nestori alipotaharuki akaanza kujitetea kwa Kiha, na hapo ndipo alipojimaliza, kwani Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, na sikio la mtu wa Moshi haliwezi kuwatenganisha. Kitambulisho cha kupigia kura alikiacha nyumbani. Nani huenda nacho kusaga mahindi?

Kesho yake asubuhi Ernesta alikuja studio, kitambulisho cha mumewe amekifunga kwenye pindo la kanga, akasalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, Mzee Gharibu."

"Mwakeye, mama."

"Wamemchukua Nestori. Nimewauliza nani kasema yeye ni Mrundi. Wameniambia picha yako ndiyo imesema."

Gharibu aliona aibu. Alifunga studio, akafuatana naye mpaka ofisi ya timu. Godson aliwapokea vizuri, akawapa viti, akakitazama kitambulisho mbele na nyuma. Akasema lori limeshaondoka kwenda Manyovu, mpakani, na vitambulisho vya aina ile siku hizi vinanunuliwa.

"Huyu ni Muha," Gharibu akasema. "Nimempiga picha mimi. Kwenye ubao ule Waha na Warundi wamechanganyika."

Godson akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Unaona sasa, mzee wangu? Tatizo ni kwamba tuna picha chache. Nimesikia unayo makopo ya mikanda yote, tangu kambi ilipoanza. Tupe hayo. Tukiwa na sura zote, tutawatenganisha vizuri, hatutakosea tena. Nitayafuata Jumatatu."

Njia nzima ya kurudi Gharibu aliyapima maneno hayo, akaona yana mantiki. Picha chache zimeleta kosa, basi nyingi zitaliondoa. Aliyafikisha nyumbani kwa mkewe Shamsia yakiwa mazima.

Shamsia alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Kwa ubao mmoja wamemsomba Nestori. Kwa makopo yote watamsomba nani, Baba Zuhra?"

"Wanasema watatenganisha."

"Watatenganisha kwa lipi? Mikanda inasema huyu Muha, huyu Mrundi? Mikanda inasema koti na ndege." Akapuliza makapi. "Halafu wewe ulipokuwa ukiwaambia watu wanyooshe shingo, uliwaambia ni picha ya ukutani. Hukuwaambia ni ya lori. Khamisi, ndugu yangu wa damu, ulimnyima picha moja ya msichana, na yeye alikuwa anataka kuoa tu!"

Usiku huo Gharibu alirudi studio, akayashusha makopo yote kutoka juu ya kabati.

Ijumaa baada ya swala alisimama msikitini, akaomba radhi kwa kuchukua muda wa watu, akasema kila aliyepigwa picha Mtabila aje achukue mkanda wake. Kanisani tangazo lilipelekwa na Ernesta mwenyewe. Jumamosi mlango wa studio ulijaa. Gharibu alimnyooshea kila mmoja mkanda kuelekea kwenye jua, mtu akajitafuta mle ndani, mweusi penye weupe na mweupe penye weusi, na alipojiona alikatiwa kipande chake akaondoka nacho. Walikuwepo waliocheka kwa kujiona walivyokuwa vijana. Wengine walikitia mfukoni na kushika njia ya uchochoroni. Gharibu hakuwauliza wa wapi. Hakuwahi kuwauliza tangu mwanzo, kwani kamera haikuhitaji kujua.

Ilibaki mikanda ya waliokwisha rudi Burundi, na hiyo ndiyo iliyokuwa mingi. Shamsia alileta beseni la kufulia na dawa ya kutakatisha nguo, akaitumbukiza. Sura zikaachia moja moja, zikaelea kidogo kama utando juu ya maziwa, kisha maji yakawa na rangi ya chai. Miaka yote ya kazi ya mtu ilikuwa mle. Gharibu alikaa kwenye kigoda akatazama mpaka mwisho, macho yakamwasha, akasingizia dawa.

Jumatatu Godson alifika, akakabidhiwa makopo yote, yamepanguswa vumbi. Akafungua moja, akavuta mkanda, akauinua juani. Aliona jua.

"Hii ni nini, mzee?"

"Mikanda, bwana afisa. Si ndiyo uliyoomba?"

Godson alilifunga kopo, akaaga kwa adabu. Wiki hiyohiyo iligundulika kwamba leseni ya studio ina kasoro, na mlango ukafungwa mpaka masika. Gharibu alikwenda kuuza vocha za simu stendi, na alivyokuwa mtu wa kupanga mambo, alizipanga hata vocha kwa rangi.

Nestori alirudi mwenyewe kwa miguu kupitia milimani, maharage yakiwa yameanza kutoa maua. Alikuwa amekonda, na kiatu kimoja hakikuwa chake. Akaenda kwenye mashine, akawasha, akaendelea kusaga. Gharibu alimfuata pale, akamwomba msamaha mbele ya wateja. Nestori aliupokea kama alivyopokea gunia la mtu yeyote. Aliuweka chini, akaendelea na kazi. Tangu siku hiyo akienda sokoni alizunguka kwa nyuma, asipite mtaa wa studio. Hilo lilimuuma Gharibu kuliko leseni. Kugombezwa angekuvumilia.

Mwaka 2015 zikaja mashine mpya za kuandikisha wapiga kura, zenye kamera na kioo cha kuwekea vidole. Vitambulisho vya zamani havingetumika tena. Asiyepigwa picha hapigi kura, na kwa Nestori lilikuwa zaidi ya kura: kile cha zamani alikionyesha mkewe na hakikumwokoa, lakini bila hata hicho angekuwa na nini mkononi siku malori yakirudi? Shule ya msingi ilijaa watu tangu alfajiri. Gharibu alikuwa kwenye foleni, na mbele yake, kwa bahati tu, amesimama Nestori. Walisalimiana kwa kichwa.

Ilipofika zamu yake, Nestori alikalishwa kwenye kiti. Nyuma yake lilitundikwa shuka jeupe. Karani, msichana aliyechoka, akasema, "Baba, tazama hapa mbele."

Nestori akageuka kutazama nyuma.

"Mbele, baba."

Akatazama mbele. Msichana alipoinua mkono, akageuka tena. Mashine ikatoa picha ya sikio. Watu wakaanza kuguna, na mtu mmoja akapiga kelele kwamba baba huyo atawalaza pale.

Gharibu alitoka kwenye foleni. Alimwuliza karani, kwa upole, sura hizi zitakaa wapi baadaye.

"Kwenye mfumo."

"Na mtu mwingine akija kuziomba, kwa kazi nyingine?"

Msichana akatabasamu kama mtu anayeulizwa jambo lisilo kwenye mafunzo yake. "Mzee, mimi naandikisha tu."

Basi Gharibu akapita nyuma ya kiti, akashika pembe mbili za shuka na kulinyoosha, kama alivyokuwa akilinyoosha pazia enzi zile upepo ukivuma.

"Nyuma hakuna kitu, Nestori," akasema. "Nimeshika mimi. Ni kitambaa tu."

Nestori aliweka mikono magotini, akaikaza shingo, akaitazama kamera.

"Hata ndege ile ilikuwa kitambaa tu, Bwana Gharibu," akasema, na mashine ikampiga.