Jina Lililomleta Ndugu Yangu Nyanchwa

Siku ndugu yangu mdogo alipopanda kilima cha Nyanchwa na mkungu wa ndizi begani, nilijua kuna jambo. Ilikuwa siku ya kuuza majani ya chai, na kwetu Nyamira siku hiyo hata mgonjwa huamka akachume. Tena, tangu aoe hakuwahi kuniletea hata ndizi moja.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa mwalimu, na mume wangu karani mjini Kisii. Nilikuwa nimemaliza riwaya yangu ya kwanza, na mchapishaji wa Nairobi alingoja kitu kimoja tu, jina. Majina niliyompelekea mwanzoni aliyakataa yote, eti yanafanana na mahubiri ya Sabato. Iliniudhi, ingawa hakukosea. Basi nikachagua Ng'ombe wa Dada.

Kwetu jina hilo halihitaji maelezo. Ng'ombe wa mahari ya msichana ndio ndugu yake huwatumia kuoa. Wangu hawakukaa sana zizini kwa baba, wakapelekwa Kenyenya kumletea ndugu yangu mke. Katika riwaya, mwanamke anataka kumwacha mumewe, lakini akirudi kwao ng'ombe itabidi warudishwe, nao wameshakwenda. Niliitunga tu. Mume wangu hakuwa malaika, lakini nani ameolewa na malaika?

Jina hilo nilimwambia mume wangu peke yake. Alikuwa anakula, tonge likabaki hewani. "Dada gani?"

"Dada wa kitabuni."

Tangu hapo, akiniona nakunja nguo, aliuliza naenda wapi. Nami nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni, maana mtu asiye na neno haulizi hivyo.

Sasa ndugu yangu alikuwa sebuleni kwangu, uji wa wimbi umepoa mbele yake.

"Dada, kile kitabu cha ng'ombe kimefika wapi?"

Hapo nikajua nani alipeleka habari Nyamira. Hasira ilinipanda, lakini nikajikaza.

"Unakitakia nini?"

"Mke wangu ni mjamzito tena. Wale ng'ombe, wakwe wameshawagawa, wengine wamechinjwa. Nitawatoa wapi?"

"Nani amekuambia narudi?"

"Mtu hachagui jina kama hilo bure."

Nilimweleza weee. Nikamwambia mwanamke wa riwaya ni wa Masimba, hajasoma, na mumewe ni mlevi, wangu hata pombe haonji. Alinisikiliza kama mtu anayemsikiliza mchuuzi akisifu ndizi zilizooza.

"Badilisha jina, dada."

"Sibadilishi."

Akasimama, akachukua kofia yake. "Basi andika unavyotaka. Lakini usirudi nyumbani. Kwako ni hapa."

Aliyasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma. Huyu nilimbeba mgongoni mama akiwa shambani. Nilimsindikiza hadi barabarani, tukaagana kama watu waliokutana sokoni.

Kesho yake nilimtumia mchapishaji jina lile lile. Nikitoka posta, nilijikuta najiuliza, mimi niliyekuwa sijawahi hata kuota kuondoka, siku ikibidi nitakwenda wapi.