Kiganja cha Kuonjea

Kila nikirudi Singida siendi nyumbani moja kwa moja. Nashuka stendi, naweka begi begani, naanza kula. Nimekuwa hivyo tangu nilipoanza kuzunguka na malori ya vitunguu, na sasa nina miaka arobaini na kitu na sijabadilika. Naanza na supu kwenye banda lililo nyuma ya stendi: kuku wa kienyeji ambaye maisha yake yote alikuwa anakimbia na hata ndani ya bakuli bado anapigana na meno yako, ndimu, pilipili, chapati mbili. Kisha natembea taratibu kupita sokoni, upepo ukinirushia vumbi machoni, harufu ya alizeti inayokamuliwa ikinifuata mtaa hadi mtaa. Nanunua karanga za kutafuna. Nasimama kwa muuza kahawa nisikilize nani amefariki na nani ameoa. Saa saba ndipo naingia kwa shangazi, nikiwa nimeshiba nusu tu, maana nusu nyingine siku zote ilikuwa ya kwake.

Nimekula Kahama, nimekula Mbeya, nimekula Itigi nikisubiri treni iliyochelewa hadi nikamjua mpishi na watoto wake. Kila sahani niliipima kwa ya shangazi, na kila sahani ilishindwa. Huenda ndiyo sababu sikuwahi kutulia mahali. Au huenda hicho ni kisingizio tu, sijui.

Safari ninayotaka kuieleza nilikuwa sijarudi kwa miaka mitatu.

Shangazi yangu ni dada wa baba, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Aliolewa na mfanyabiashara wa duka ambaye wazazi wake walitoka pwani, ndiyo maana mgahawa wa shangazi ulikuwa na pilau Ijumaa na mlenda siku zilizobaki. Mume alipofariki, duka liligawanywa na ndugu zake, yeye akabaki na chumba kimoja mtaa wa pili kutoka sokoni. Akaweka mabenchi manne, akatoboa dirisha la kupitishia sahani, akapika. Ndivyo alivyoishi, na ndivyo nilivyosoma hadi kidato cha nne.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani huyo? Sogea kwenye mwanga." Akanitazama toka kichwani hadi viatuni. "Huko ulikokuwa, baba, watu wanakula au wanaangaliana tu? Umebaki kama mwiko."

"Nimekuja kunenepa."

"Kaa basi. Mabenchi si unayaona?"

Nilikuwa nayaona. Ilikuwa saa saba na nusu ya siku ya kazi na ndani mlikuwa na watu watatu. Zamani saa ile watu walikuwa wanakula wamesimama nje, sahani mkononi, wakigombea kivuli cha ukuta.

Akaniletea ugali wa uwele, mlenda, na paja la kuku. Nilimega tonge, nikachovya, nikatia mdomoni. Magadi yalinikamata ulimi kama nimelamba sabuni ya mche. Magadi hutiwa kidogo kwenye mlenda ili ulainike, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Humu yalikuwa yametiwa kwa mkono mzima. Kuku naye alikuwa na chumvi ya kutosha kukaushia samaki. Shangazi alikuwa amesimama mbele yangu akifuta mikono kwenye khanga, macho yake mdomoni mwangu.

"Vipi?"

"Hakuna kama wewe, shangazi. Umekolea."

Akacheka, akapiga kizingiti cha dirisha kwa kiganja. "Mnasikia? Mtu ametembea nchi nzima!" Wale watu watatu wakatikisa vichwa kwa adabu, na mmoja wao akanywa maji.

Lazima nieleze kwa nini jibu hilo lilikuwa kosa, maana kwa mtu mwingine yeyote lisingekuwa kosa. Mgeni akipewa chakula anasifu. Kwetu hilo halijadiliwi, na shangazi mwenyewe alinifundisha kwa kunifinya. Nilipokuwa mdogo tulikwenda Unyambwa kwa jamaa yake, nikasema makande yana mahindi mabichi. Alinifinya mkono njia nzima ya kurudi. "Kwa watu unasifu," akaniambia. "Kwangu unasema kweli. Wewe si mgeni kwangu." Na kweli, kila siku kabla hajafungua dirisha aliniita jikoni, akanidondoshea mchuzi kwenye kiganja cha kulia, akasubiri. Nikisema bado, anaurudisha motoni. Nikisema chumvi, anaongeza. Mwanamke ambaye hakuna mtu mtaani aliyethubutu kubishana naye alinitii mimi. Sikuwahi kuambiwa kwa maneno kwamba pale ni nyumbani kwangu. Niliambiwa kwa kile kiganja.

Jioni nilitoka nyuma nikamkuta mwanamke aliyekuwa akimsaidia, mjane wa umri wangu aliyekuwa ameosha vyombo vya shangazi kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga.

"Kaka," akasema bila kuinua kichwa, "umemsifu."

"Amekuwaje?"

"Ile homa ya mwaka juzi. Alilala wiki tatu. Alipoamka, pua na ulimi havikuamka. Hasikii harufu, hasikii chumvi. Mwenyewe anadhani vinarudi kidogo kidogo. Anatia kwa mazoea, halafu anasahau kama ametia, anatia tena."

"Na wewe umekaa kimya?"

Akaacha kusugua. "Nimwambie nini? Yule ni mama yangu kwa umri, na ndiye ananipa kazi. Niende nimwambie mama, unaharibu? Wateja nao hivyo hivyo. Wanamwambia asante mama, tumeshiba, halafu hawarudi. Anasema watu wamehamia kwenye chipsi." Akaniangalia. "Alikuwa anakungoja wewe. Kila siku, mwanangu akija ataonja. Mwambie, kaka. Akijua, mimi nitaonja, nitatia chumvi mwenyewe, mgahawa utasimama. Asipojua, tutafunga, na akifunga hatamaliza mwaka."

Nikamwambia nitasema kesho.

Kesho yake shangazi aliniuliza, "Leo vipi?" nikasema imekaa sawa. Kesho kutwa nikasema vilevile. Nilikuwa na sababu kila siku: leo amechangamka nisimharibie, leo kuna watu, leo mguu unamuuma. Siku moja vijana wawili wa bodaboda walikuwa wanakula, naye amekwenda uani.

"Oya, leo wamechota maji Singidani," mmoja akanong'ona, maana ziwa letu lile ni la chumvi.

"Kula, utaota manyoya ya pinki kama wale ndege."

"Mi natafuta flamingo wa kuoa kabisa."

Walicheka hadi wakakohoa. Shangazi aliporudi, mmoja akasimama, akaosha mikono, akasema kwa heshima zote, "Asante sana mama, tumeshiba." Sahani yake ilikuwa nusu. Shangazi akamwambia, "Kijana wa kiume unakula kama bibi harusi?" na wote tukacheka, mimi nikiwemo.

Aibu kubwa zaidi ni hii: nilianza kula kwingine kwa siri. Asubuhi nilikula supu stendi hadi nikashiba kabisa. Alasiri nilikwenda upande wa ziwa Kindai kula samaki wa kukaanga, nikakaa juu ya jiwe nikitazama maji. Hata chipsi mayai nilikula, mimi niliyezisema vibaya maisha yangu yote. Vyote vilikuwa vitamu. Mji ulikuwa unapika vizuri kuliko nilivyokumbuka, na mimi nikawa nautembea kama mwizi, nikichungulia pembe za mitaa nisije nikaonekana nikifuta mdomo. Saa saba nafika kwa shangazi, namega matonge matatu, nasema tumbo linanisumbua kwa sababu ya safari.

Kisha ikaja kazi ya arobaini. Familia moja ya wenye maduka, watu waliomfahamu marehemu mume wake, walikuwa wanamsomea baba yao dua ya siku arobaini, wakamwomba shangazi apike pilau kama alivyopika miaka yote. Alifurahi hadi nikaogopa. Alitoa masufuria makubwa chini ya kitanda, akahesabu mifuniko yake, akamtuma yule mjane kuni mara mbili. "Wamekwenda kwenye chipsi," akaniambia, "lakini wakifiwa wanajua pa kuja."

Siku yenyewe alipika uani tangu alfajiri. Nilimwona akitia chumvi. Nilimwona akigeuka kumjibu mtu, akageuka tena, akatia chumvi. Yule mjane alinitazama juu ya moshi, akaacha kukatakata vitunguu vya kachumbari.

Kabla hajamimina mchele, shangazi akaniita. "Baba, njoo. Lete mkono."

Nikatoa kiganja. Akanidondoshea mchuzi, akanipulizia kidogo upoe kama nilikuwa mtoto. Nikalamba. Ulikuwa mkali kiasi cha kunitoa machozi, nami nikasingizia moshi. Bado kulikuwa na nafasi: kupunguza mchuzi, kuongeza maji, kuongeza viazi. Angechelewa nusu saa tu. Macho yake yalikuwa yamekaa mdomoni mwangu.

"Sema kweli," akasema.

"Sawa kabisa, shangazi."

Mjane akarudi kwenye vitunguu.

Dua ilikwisha baada ya adhuhuri. Masinia yalipelekwa yamejaa, sisi tukabaki nyuma ya ukuta tukisikiliza. Hakuna aliyenung'unika. Watu wa mji wetu hawanung'uniki kwenye msiba. Tulisikia sauti za maji ya kunawa mapema mno. Kisha mmoja wa wanafamilia, mwanaume mzima mwenye ndevu za mvi, akaja mwenyewe mlangoni kusema, "Ahsante sana mama, Mungu akulipe, watu wamekula vizuri." Nyuma yake masinia yakaanza kurudi. Kila moja lilikuwa na shimo dogo pembeni, matonge mawili matatu, na mlima wote uliobaki umesimama.

Shangazi aliyapanga chini, moja baada ya jingine. Alisimama akayatazama hadi mtu yule alipoondoka. Akamgeukia mjane, akazungumza naye kwa Kinyaturu, lugha ambayo jikoni aliitumia kwa mambo mazito tu. Alimwambia aonje, na kwamba anamwapisha kwa Mungu.

Mjane akaonja. Akalia kwanza, ndipo akasema, "Chumvi, mama."

"Nyingi?"

"Nyingi."

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

Shangazi akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari alizokuwa ameanza kuzihisi. Kisha akaniangalia mimi. Sikumbuki kama aliniuliza kwa mdomo.

"Nilijua," nikasema. "Tangu siku ya kwanza."

"Hawa watu wamenisifu," akasema. "Ni haki yao, wao ni wageni. Wewe nilikuweka wapi?"

Nilitaka kusema niliona huruma. Nadhani angenifinya.

Kesho yake hakufungua dirisha. Nilipoamka nilikuta meza imetandikwa kitambaa, kile alichokitumia Idi tu. Alikuja na jagi na beseni, akasimama mbele yangu. Toka nizaliwe nilikuwa nanawa mwenyewe kwenye ndoo uani.

"Nitanawa, shangazi."

"Karibu, mgeni," akasema. "Lete mikono."

Hakusema kwa hasira. Alinimiminia maji taratibu, mkono mmoja kisha mwingine, akanipa taulo safi, akaniletea chai na mihogo ya kuchemsha, akakaa mbali kidogo kama inavyotakiwa. Akaniuliza safari zangu zinaendeleaje. Alinikaribisha niongeze. Mara zote nilizofinywa mkononi sikuumia kama pale.

Nilikaa siku mbili zaidi, nikinawishwa kila mlo. Mjane alikuja kumbembeleza wafungue, akamwambia atakuwa anaonja yeye. Shangazi alimjibu kwamba mpishi asiyejua anachopika anawatilia watu sumu, na yeye hajafikia huko. Alimgawia sufuria mbili kubwa aende akaanzishe mgahawa wake. Mjane alizibeba zote mbili kichwani, moja ndani ya nyingine, bila kuniaga.

Asubuhi ya kuondoka shangazi alinipa kifurushi cha njiani, akanisindikiza hadi barabarani, umbali wa kumsindikiza mgeni, si zaidi. Hakuniita baba.

Basi lilipita Manyoni sijafungua. Tulipofika Kintinku, likasimama kupakia magunia, nikafungua. Kuku mzima wa kuchemsha, amekatwa vizuri kwa viungo kama anavyokata yeye. Nikatia kipande mdomoni. Hakikuwa na kitu. Hata punje moja ya chumvi. Pembeni, ndani ya karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, nilipapasa punje za chumvi, ili nijipimie mwenyewe.

Nilimla kuku wote hadi mifupa. Ile karatasi sikuifungua.