Sili Mwenye Skrubu

Kijijini Akunnaaq, katika Ghuba ya Disko, kwenye bahari ya barafu ya kaskazini, mwanamume hupimwa kwa mbwa wake, kwa mashua yake na kwa kile alichorudi nacho jana. Kwa vipimo vyote hivyo Apollus alikuwa mtu mzito. Kila mwaka mwalimu wa shule alimwalika awaeleze watoto habari za uwindaji, naye kila mwaka aliwaeleza jambo moja: usifyatue kabla hujayaona masharubu. Kipande cha barafu hakina masharubu, ndege hana, na jirani aliyetumbukia majini anaweza kuwa nayo, lakini huyo atapiga kelele.

Kazi yake nyingine ilikuwa ya watafiti. Barafu inapoanza kuachia, walikuja kutoka Denmark, wakalipanga ghala la zamani la chumvi na kuliita maabara. Walitaka kujua ni nini kinaishi chini ya barafu na pembezoni mwake: vijimea visivyoonekana kwa macho, vinavyostawi jua linaporudi, vidudu vinavyokula vijimea hivyo, samaki wanaokula vidudu, sili wanaokula samaki, na kuendelea hivyo hadi kumfikia Apollus. Kwenye barafu walisimika maboya ya kupima joto na mwanga. Kwenye maji ya wazi walitumia chombo kisicho na mtu ndani, cha njano, urefu wake kama wa mtu mzima, chenye mabawa mafupi na mkia wenye antena. Kilizama chenyewe na kupanda chenyewe. Kikifika juu kilitoa mkia nje ya maji, kikapiga simu kupitia setilaiti, kikaeleza yote kiliyoyaona huko chini, kisha kikazama tena. Kijiji kilikiita Karoline, jina la mama muuza duka, ambaye naye huenda polepole, huingia kila mahali, kisha hupiga simu. Karoline wa dukani alinuna kwa siku kadhaa, halafu akaanza kuulizia hali ya mwenzake.

Apollus ndiye aliyemshusha Karoline majini kwa mikono yake, na ndiye aliyewaambia watafiti, huku akicheka, kwamba kifaa chao kinapumua kama sili. Waliyaandika maneno yake. Wenyewe waliyaona ni maarifa ya wenyeji.

Asubuhi ya mkasa, shemeji yake Gerth alikuwa amekwisha kurudi na sili wawili. Aliwaburuta tu taratibu kupita mbele ya dirisha la Apollus, ambapo hapakuwa na njia. Apollus akaacha chai yake, akaingia kwenye mashua, akaelekea ukingo wa barafu peke yake.

Jua lilikuwa usoni mwake na maji yaling'aa kama bati. Katikati ya ule mng'ao kikaibuka kitu cheusi, kikatulia, kikayumba kidogo. Masharubu hakuyaona. Aliyatamani tu, na mtu akitamani sana anaweza kuona hata ndevu. Akafyatua. Majira hayo sili hana mafuta ya kutosha na huzama upesi, kwa hiyo mwindaji hana muda wa kutafakari. Apollus akaiwasha mashua, akafika, akatupa chusa, na chusa likaingia vizuri sana. Ulikuwa mkono wa bingwa. Akavuta kamba. Kilichotokea majini kilikuwa cha njano.

Alikaa kwenye mashua akimtazama Karoline, aliyekuwa na tundu la risasi karibu na mkia na chusa ubavuni, akitokwa na maji. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuangalia pande zote kama kuna mtu. Hilo lilikuja kumwaibisha kuliko risasi yenyewe. Kitu cha pili kilikuwa kumfunika kwa turubai.

Alimficha kwenye kibanda cha chakula cha mbwa, chini ya samaki waliokaushwa, halibuti. Alipoingia nyumbani mkewe, Bibiane, alimuuliza, "Umepata?"

"Bahari leo mbaya."

"Mbona Gerth kapata?"

"Gerth ana bahati."

Kesho yake mkuu wa watafiti, Daktari Toftegaard, alifika mlangoni mwenyewe. Karoline hakupiga simu. Je, Apollus angeweza kuwasaidia kumtafuta, yeye ambaye mikondo ya ghuba hii anaijua kama mfuko wake? Apollus akasema angeweza. Akawapeleka kaskazini, kwa kuwa kibanda chake kilikuwa kusini. Walizunguka mchana kutwa, wakarudi, wakatoka tena siku iliyofuata. Apollus alisimama mbele ya mashua, kiganja juu ya nyusi, akitafuta kwa bidii. Daktari alimgawia biskuti zake za mwisho. Akazila.

Nyuma ya mashua alikaa Rógvi, fundi wa vyombo, kijana kutoka Visiwa vya Faroe mwenye mabega ya mpiga makasia, ambaye kwa kawaida haachi kuongea. Sasa alikuwa kimya. Karoline hufungwa kwa pete ya mpira inayozuia maji yasiingie, na aliyemvalisha pete hiyo ni Rógvi. Daktari Toftegaard hakumgombeza. Aliuliza tu, kwa sauti ya upole kabisa, "Una hakika uliisafisha?" Upole ule ulimmaliza. Siku ya kwanza alikuwa na hakika. Siku ya pili alikuwa na hakika kiasi.

"Labda kulikuwa na unywele," alimwambia Apollus wakifunga mashua gatini. "Unywele mmoja tu kwenye pete, maji yanapita. Mzee, mimi nina nywele nyingi."

"Usijilaumu mapema," alisema Apollus, akiwa na shughuli nyingi na fundo la kamba.

"Si mapema. Daktari amesema meli ya mizigo ikija Alhamisi, ni afadhali nirudi nayo. Kasema kwa adabu. Mwakani ataleta mtu mwingine."

Apollus alilifungua lile fundo akalifunga upya, ingawa lilikuwa zuri tangu mwanzo.

Jioni Bibiane alikwenda kibandani kuchukua chakula cha mbwa. Alikawia. Aliporudi alisimama mlangoni, buti bado miguuni, jambo ambalo katika ndoa yao lilikuwa halijawahi kutokea.

"Apollus."

"Naam."

"Huyu ni sili gani ana skrubu?"

Bibiane akaketi mkabala naye.

"Ulimwokota?"

"Nilimpiga."

"Kwa nini?"

"Jua lilikuwa usoni."

"Jua!" Bibiane alimkodolea macho. "Miaka yote uliyowinda jua lilikuwa wapi, mgongoni? Na yule kijana wa watu? Karoline wa dukani ananiambia kavunjika moyo, hata tumbaku hanunui tena. Na wewe unawatembeza kaskazini!"

"Nitakirudisha majini. Kitaonekana chenyewe."

"Na tundu la risasi? Waseme kuna samaki anamiliki bunduki?"

Apollus aliinamisha kichwa. Alikuwa amefikiria kila namna ya kusema, na kila namna iliishia kwa Gerth. Mtu anaweza kuwa amezeeka, maskini au mlevi, na Akunnaaq ikamvumilia. Lakini aliyefyatua bila kuona kitu gani anafyatulia, huyo hata mbwa wake humtazama vingine.

"Usiku nitampelekea Daktari," alisema.

"Usiku upi?" aliuliza Bibiane.

Ulikuwa mwisho wa mwezi wa tano. Jua lilikuwa halitui tena, na lisingetua hadi mwezi wa saba. Kijiji kizima hakikuwa na kivuli cha kumfichia hata paka.

Basi alimtoa hivyo hivyo, mchana kweupe, juu ya toroli. Turubai lilikuwa fupi, mkia wenye antena ukabaki nje ukitikisika kila toroli lilipokanyaga jiwe. Mbwa wakaanza kubweka nyumba baada ya nyumba, wakimtangulia kama wapiga tarumbeta. Pazia moja likasogea, kisha jingine. Karoline wa dukani alitoka nje kabisa, mikono kiunoni. Alitazama mkia, akatazama tundu, akamtazama Apollus.

"Mimi nilikukosea nini?" aliuliza.

Ghalani, Daktari Toftegaard na Rógvi walikuwa wakifunga masanduku. Apollus aliondoa turubai. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima; yaliyotoka yalikuwa machache.

"Si pete," alisema mwishowe. "Pete ilikuwa safi. Ni mimi. Sikuyasubiri masharubu."

Daktari alipiga magoti, akatia kidole kwenye tundu, akakinusa.

"Ananuka samaki."

"Halibuti, Daktari. Wa mbwa."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kumtafuta."

Rógvi alikuwa ameketi juu ya sanduku, mikono usoni, mabega yakitetemeka. Apollus alidhani analia, akasogea kumwomba radhi, ndipo akagundua kwamba anacheka, au anafanya yote mawili kwa pamoja.

"Haukuwa unywele," Rógvi alirudia. "Daktari, umesikia? Haukuwa unywele!"

"Nimesikia," alisema Daktari Toftegaard. Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nakuomba radhi, Rógvi." Kwa hiyo ghalani mle wakawa wawili wenye haya.

Kumbukumbu za Karoline zilikuwa hazijaingiwa na maji. Rógvi alizifungua kwenye kompyuta: mstari ulioshuka na kupanda, kushuka na kupanda, na rangi ya kijani ikizidi kukolea kadiri jua lilivyorudi na vijimea kuamka. Safari ya mwisho ilipanda hadi juu, ikakoma. Hakuna aliyemweleza Apollus kwa nini.

Alitaraji kwamba mambo yataishia hapo, lakini hakuwa amemhesabu Gerth. Mwindaji akipata mnyama ambaye hajawahi kumpata, nyumba yake huandaa kaffemik: milango wazi, kahawa, keki, kijiji kizima. Gerth alihoji, kwa uso mkavu kama ubao, ikiwa Apollus amewahi kupata wa aina hii. Ilibidi ikubaliwe kwamba hajawahi.

Bibiane akaoka keki. Watu walivua viatu mlangoni, wakamshika mkono mmoja mmoja, wakampongeza. Wazee walitaka kujua nyama imegawiwaje. Mtoto wa shule aliuliza kama ngozi yake inafaa buti. Apollus alimimina kahawa, akasema asante, asante, na shingo ilimwaka moto hadi mgeni wa mwisho.

Aliyebaki ni Gerth, kipande cha keki mkononi.

"Shemeji," alisema Apollus, macho kwenye birika. "Macho yangu hayako sawa. Toka mwaka jana. Nilijua."

Gerth alitafuna.

"Kesho twende wote. Wewe ufyatue. Mimi nitatupa chusa."

"Niende na wewe? Nikiibuka majini je?" Gerth alijifuta mdomo, akaanza kutafuta viatu vyake. "Tunaondoka saa ngapi?"